Jarida la kiwanda kwa wakulima wa chai: anza na mizani

SWALI: Mimi ni afisa uhusiano katika kiwanda cha chai Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Tunanunua majani mabichi kwa wakulima wadogo wapatao 2,400 kupitia vituo 40. Msimu uliopita manung'uniko yalikuwa mengi: mizani, malipo kuchelewa, na baadhi ya wakulima wakaanza kupeleka majani kwa mnunuzi mwingine. Uongozi umeniagiza nianzishe jarida la kampuni, kurasa 24 za rangi, mara nne kwa mwaka, ili kujenga taswira. Nianzie wapi, na nitajuaje kama linafanya kazi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamtafuta mchapaji, rudi kwa uongozi na swali moja: tunataka nani afanye nini ambacho leo hafanyi? "Kujenga taswira" haipimiki, na jarida lililozaliwa kwa agizo hilo huishia kuwa albamu ya picha za viongozi wakikata utepe. Kwa maelezo yako jibu liko wazi. Mnataka mkulima aendelee kuleta majani yake kituoni kwenu. Anaondoka kwa sababu haamini mizani na hajui fedha yake iko wapi. Basi kazi ya jarida ni kumweleza mizani na fedha kwa ukweli unaoweza kuhakikiwa. Mengine yatafuata.

Hapo hapo utaona kwamba msomaji wako ni mmoja: mkulima wa kituoni na watu wa nyumbani kwake. Wengi hukosea kwa kutaka karatasi moja iwatosheleze mkulima, mfanyakazi wa kiwandani, benki, halmashauri na mnunuzi wa ng'ambo. Benki inataka hesabu za mwaka zilizokaguliwa. Mfanyakazi anataka kujua zamu, likizo na mkataba wa hali bora. Mnunuzi anataka ubora na vyeti. Ukiwachanganya, kila mmoja anapata ukurasa mmoja wake na saba za wenzake, na anaweka chini. Taarifa ya mwaka iendelee kuwa chapisho la wakopeshaji na serikali, ubao wa matangazo uwe wa wafanyakazi, na jarida jipya liwe la wakulima. Yote matatu yabebe tarakimu zile zile, na wafanyakazi wapate habari kubwa siku moja kabla ya wakulima. Karani wa kituo akiulizwa jambo alilolisoma mkulima kabla yake, aibu ni ya kampuni nzima.

Kuchapisha jarida la wakulima si jambo geni. John Deere, watengenezaji wa majembe na matrekta wa Marekani, walianza kutoa The Furrow mwaka 1895, na linachapishwa hadi leo. Limedumu kwa sababu linazungumzia kilimo kuliko linavyozungumzia matrekta. Na ninyi zungumzieni chai na shamba la mkulima kuliko kampuni.

Sasa ukubwa. Kurasa 24 ni nyingi mno kwa mtu mmoja mwenye kazi nyingine ofisini. Omba 8. Jarida la A4 lililokunjwa na kupigwa pini mgongoni linatengenezwa kwa karatasi za A3, na kila karatasi ina kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4: 8, 12, 16. Ukiwa na habari za kurasa 9 utalazimika kuchapa 12, na zile tatu za ziada ndizo hujazwa salamu za pongezi. Kurasa 8 zenye picha na maandishi ya kusomeka hubeba maneno kati ya 2,800 na 3,200, yaani habari mbili kubwa, tatu za kati na vijisehemu. Hizo unaweza kuziandika vizuri kila miezi mitatu. Toleo dogo linalotoka tarehe iliyoahidiwa humjengea mkulima imani, na toleo nene linalochelewa miezi miwili huthibitisha kile anachokisema tayari, kwamba kwenu kila kitu huchelewa.

Ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza upe mizani. Uongozi utasita, na hapa ndipo ushikilie msimamo. Linganisha vichwa viwili. "Mkurugenzi Mtendaji Afungua Semina ya Siku Moja ya Wadau wa Chai" ni habari ya mkurugenzi. "Kwa nini kilo 31 za kituoni zilisomeka 28.5 kiwandani" ni habari ya kila mtu aliyewahi kubeba gunia.

Habari hiyo iandikwe kwa kufuata gunia moja. Limepimwa kituoni saa 4 asubuhi, kilo 31. Limekaa chini ya banda likisubiri gari. Jani bichi la chai ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake au zaidi, na tangu linapochumwa linaendelea kupoteza maji hayo, tena upesi zaidi likishindiliwa na kupigwa jua. Saa 11 jioni linapimwa kiwandani, kilo 28.5. Hakuna aliyeiba, lakini mkulima anachotaka kujua ni kimoja: analipwa kwa uzito upi? Jibu liwe katika sentensi ya pili, si aya ya saba. Kama mnalipa uzito wa kituoni, semeni hivyo. Kama mnakata uzito wa gunia na asilimia fulani ya maji siku za mvua, chapa kiasi chenyewe, na nani aliyekiidhinisha, na mkulima afanye nini akiona amekatwa zaidi. Ongeza picha ya stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yenu, na maelezo ya namna ya kuisoma: imehakikiwa lini, mpaka lini. Ikiwa mizani ya kituo kimoja haijahakikiwa, ihakikiwe kwanza, ndipo jarida lichapwe. Chapisho haliwezi kutangulia ukweli wa kazini. Likitangulia, mmewapa wakulima ushahidi wa maandishi dhidi yenu.

Habari ya pili kubwa iwe bei. Wakulima wenu wanasikia bei ya mnada wa Mombasa kwa dola, na tangu 2023 kuna mnada wa Dar es Salaam pia. Wanabadilisha dola kuwa shilingi, wanalinganisha na bei ya kilo ya majani mabichi, na wanaona wanaibiwa. Kinachokosekana katika hesabu yao ni kwamba kilo 1 ya chai iliyokaushwa hutokana na kilo 4.5 hadi 5 za majani mabichi. Chora pakiti moja ya kilo, uigawe kama mkate: sehemu ya majani, kuni na umeme wa kukaushia, mishahara, ufungashaji, usafiri hadi mnadani, dalali na tozo. Tarakimu zitoke kwa mhasibu wenu, za robo ile ile. Ikiwa uongozi hauko tayari kuonyesha mgawanyo huo, usichapishe mchoro wenye vipande visivyo na namba. Mkulima atajaza namba zake mwenyewe, nazo zitakuwa mbaya kuliko zenu. Ni heri ueleze tu uhusiano wa kilo 5 kwa 1 na bei elekezi ya Bodi ya Chai, na uache mgawanyo mpaka mtakapokuwa tayari.

Kuhusu malipo yaliyochelewa, andika tarehe, sababu, na lini fedha itaingia. Tarehe ya ahadi iwe na saini ya mkuu wa fedha mkononi mwako kabla haijaenda kwa msanifu. "Tunawaomba wakulima wawe na subira wakati uongozi ukishughulikia suala hili" ni sentensi iliyowachosha watu kila mahali. Ifute kila inapojitokeza.

Nafasi iliyobaki igawanye hivi. Ukurasa mmoja wa kilimo, jambo moja tu kwa toleo, la msimu unaofuata: namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuvunja kikonyo, lini kupogoa, mzunguko wa siku ngapi kati ya mchumo na mchumo. Aandike bwana shamba wenu, wewe uhariri. Ukurasa mmoja wa maswali ya wakulima na majibu yenye jina la idara iliyojibu. Ukurasa wa tarakimu: kilo zilizopokelewa kila kituo, kiasi kilichokataliwa na sababu, tarehe za malipo ya robo ijayo. Huu wa tarakimu ndio utakaokatwa na kubandikwa ukutani, kwa hiyo uweke nyuma ya jarida, peke yake. Salamu za mkurugenzi, kama haziepukiki, maneno 120 ukurasa wa 2, na ziseme jambo aliloamua, si jinsi anavyofurahi. Mwisho, kisanduku kidogo cha masahihisho mahali pale pale kila toleo: "Toleo lililopita tuliandika hivi, sahihi ni hivi." Watu huamini tarakimu za anayejisahihisha hadharani.

Sasa jambo linaloua majarida mengi ya kampuni kuliko fedha: idhini. Habari inazunguka kwa mameneja sita, kila mmoja anaongeza jina la idara yake, mwanasheria analainisha, na baada ya wiki tano inarudi haina meno wala tarehe sahihi. Kubalianeni mapema, kwa waraka mmoja uliosainiwa na mkurugenzi, kwamba kila habari inahakikiwa na mtu mmoja anayejua jambo hilo, anayesahihisha ukweli tu bila kugusa lugha, kisha mtu mmoja anaidhinisha toleo zima. Kila mmoja ana siku 3 za kazi. Asiyejibu hadi saa 10 jioni ya siku ya tatu amekubali. Bila sentensi hiyo ya mwisho waraka hauna kazi.

Ratiba ya toleo hesabu kurudi nyuma kutoka siku litakapofika vituoni. Liwe kituoni siku ya malipo, kwa sababu siku hiyo ndiyo watu wote wapo. Rudi siku 3 za kusambaza, siku 7 hadi 10 za uchapaji, siku 2 za prufu (nakala ya kukagua makosa kabla ya kuchapa), siku 5 za usanifu, siku 6 za idhini, siku 10 za kukusanya na kuandika. Ni siku 33 hadi 36, yaani wiki tano hivi ukihesabu siku zote, au saba hivi ukihesabu za kazi tu. Ukianza wiki nne kabla, kinachokatwa siku zote ni prufu, na makosa ya prufu ndiyo yanayoonekana na watu 2,400.

Kwenye usanifu kuna mambo ya Kiswahili ambayo msanifu aliyezoea kurasa za Kiingereza hayaoni. Maneno yetu ni marefu. "Yanayopokelewa" peke yake ina herufi 14. Ukigawa ukurasa wa A4 katika safu tatu na kunyoosha kingo zote mbili, utapata mistari yenye maneno mawili na mapengo makubwa katikati. Tumia safu mbili, ukingo wa kulia uachwe huru, herufi za ukubwa wa 11, maana wasomaji wako wengi ni watu wazima na wanasomea jioni kwa mwanga hafifu. Zima ukataji wa maneno wa programu. Ukiwashwa kwa kanuni za Kiingereza utakata "yanayopokel-ewa", wakati sisi tunakata baada ya irabu: ya-na-yo-po-ke-le-wa. Angalia pia kila "ng'", kwa sababu programu nyingi hugeuza alama hiyo ikatazama upande usio wake, au huitenganisha mwisho wa mstari. Mkulima anayeona "ng'ombe" imekatwa vipande viwili hatasema ni kosa la programu.

Karatasi: gramu 80 (kwa mita ya mraba) ya kawaida kwa ndani itaonyesha maandishi ya upande wa pili penye picha nyeusi. Gramu 100 inatosha. Ya kung'aa ya gramu 115 inapendeza lakini inaakisi taa na haiandikiki kwa kalamu, na ninyi mnataka mkulima aandike tarehe zake kwenye ukurasa wa tarakimu. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa, haifai ukurasa wa mbele, hivyo mwambie mpiga picha aitume kama faili au aje na kadi. Faili ya mwisho iwe PDF yenye rangi nne za uchapaji, fonti zote ndani yake, na ziada ya milimita 3 kila upande utakaokatwa. Kijani cha chai kikitumwa katika rangi za kompyuta hutoka kimefifia kama majani makavu, na lawama hutupiwa mchapaji bure. Kwa nakala kama 2,600, uchapaji wa pleti huwa nafuu kwa kila nakala kuliko wa dijitali. Omba bei kwa wachapaji watatu, wote kwa maelezo yale yale ya maandishi: ukubwa, kurasa, gramu, rangi, idadi, pini, tarehe, na kama bei ina VAT. Usisaini prufu ya kwenye simu. Omba iliyochapwa, uisome ukianzia na namba za simu, majina, tarehe na vichwa vikubwa, kwa sababu macho huruka vichwa.

Kila picha itazamwe na mtu wa usalama kazini kabla ya kuingia. Anatazama nyuma ya mtu anayetabasamu: mashine isiyo na kinga, mfanyakazi wa mstari wa uzalishaji asiye na kofia, pete kidoleni karibu na mikanda, mtoto aliyembebea mama yake kikapu cha majani. Hiyo ya mtoto hasa inaweza kuwa ya kifamilia kabisa, Jumamosi asubuhi, lakini kwa mkaguzi wa Rainforest Alliance, shirika linalotoa vyeti vya kilimo endelevu, au mnunuzi wa nje ni swali la utumikishwaji wa watoto, na limetoka kwenye chapisho lenu wenyewe.

Upande wa sheria, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa leseni kwa magazeti na majarida yanayochapwa. Andika barua Idara ya Habari MAELEZO kabla ya toleo la kwanza, eleza idadi, wasomaji na kwamba haliuzwi, na uhifadhi jibu la maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inagusa picha, majina na kilo za mtu mmoja mmoja. Usichapishe orodha ya "wakulima bora" yenye kiasi walicholipwa bila ridhaa yao ya maandishi. Mbali na sheria, kutangaza kijijini kwamba fulani amepokea milioni kadhaa ni kumletea wageni asiowataka.

Usambazaji uendeshwe na gari la majani, si na ofisi. Chapa 2,600: 2,400 za wakulima, 200 za wafanyakazi, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), ofisi za vijiji, halmashauri, Bodi ya Chai, redio za eneo lenu na nakala 10 za kumbukumbu. Funga marobota kwa orodha ya kila kituo kabla hayajatoka, na idadi na jina la kituo juu. Karani asaini kupokea. Marobota yanayosafiri bila majina hushushwa yote kituo cha kwanza, na miezi mitatu baadaye utayakuta yakifungia maandazi.

Siku hiyo hiyo tuma kwenye makundi ya WhatsApp ya vituo, ila si PDF nzima ya megabaiti 14. Tuma ukurasa wa tarakimu kama picha moja, na habari ya mizani isomwe kwa sauti, dakika 3, na mtu ambaye wakulima wanaijua sauti yake. Sauti hiyo hiyo redio ya jamii itaichukua. Mwandishi wa habari akipata jarida, atanukuu atakachotaka, kwa hiyo kila habari ijitegemee na iwe na jina na namba ya wa kuulizwa.

Kupima, anza kabla ya toleo la kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Chukua robo iliyopita: malalamiko mangapi ya mizani yaliandikwa kituoni, kilo ngapi zilipokelewa kwa kila mkulima ambaye daftari linaonyesha bado analeta majani, asilimia ngapi ya majani ilikataliwa. Kisha, wiki mbili baada ya kila toleo, uliza watu 30 katika vituo 6 maswali matatu: unalipwa kwa uzito gani, malipo yajayo ni lini, gunia likikataliwa unaenda kwa nani. Wasioweza kujibu wakizidi 15, habari haikufika au haikueleweka, hata kama jarida limesifiwa na kila mgeni aliyekuja ofisini. Usishtuke malalamiko yaliyoandikwa yakipanda baada ya toleo la kwanza. Mmewaambia pa kuyapeleka, na yale yaliyokuwa yakisemwa vilabuni sasa yanakuja kwenu. La kutazama ni kama yanashuka toleo la tatu na la nne, na kama kilo za vituo vilivyokuwa vikipungua zimeacha kupungua.

Kabla ya kuchapa yote, toa nakala 120 za majaribio kwa mashine ya kawaida ya ofisini, nyeusi na nyeupe, uzipeleke vituo viwili: kimoja chenye amani na kimoja chenye ugomvi. Kaa bandani saa mbili watu wakisoma. Sentensi wanayoirudia mara mbili iandike upya, na swali watakalouliza watatu au zaidi ndilo habari yako ya ukurasa wa 3.